Shabiki wa Mbali si Nusu Shabiki

Kila mwaka ikifika Aprili naanza kuposti matokeo ya hoki ya barafu, na kila mwaka komenti ni zile zile. Msee wa Migori na barafu wapi na wapi? Barafu pekee tunayoijua huku ni ile ya kuhifadhi samaki kule Muhuru Bay. Kwani Gor imekukosea nini? Hiyo ya samaki hata mimi ilinichekesha, nikaibandika juu kabisa ili kila mtu aione.

Lakini wasee, chini ya kicheko kuna dai. Mnachosema ni kwamba shabiki wa kweli ni yule aliye karibu: anayeweza kupanda matatu, kuingia uwanjani, kuona wachezaji kwa macho yake. Anayefuata kitu kilicho mbali, tena kwa simu, saa tisa za usiku, huyo anajifanya tu.

Leo nataka kulijibu dai hilo kwa historia yetu wenyewe. Kombe kubwa zaidi ambalo klabu ya Kenya imewahi kuchukua, lile la 1987, lilifuatwa huku kwetu na watu wengi ambao hawakuona hata shuti moja likipigwa. Ukisema shabiki wa mbali ni nusu shabiki, umewatukana babu na nyanya zako kwanza kabla hujanifikia mimi.

Twende taratibu. Nianze na hii hoki, ili tuwe tunazungumza kitu kimoja.

Ligi kubwa ya hoki ya barafu inaitwa NHL, na ina timu 32 za Marekani na Kanada. Wanacheza ligi ya kawaida kuanzia Oktoba hadi Aprili. Hapo timu 16 zinabaki na mchujo unaanza. Mchujo wao si kama ule tuliouzoea, wa mechi moja au mbili mambo yakaisha. Timu mbili zinakutana hadi mara saba, na wa kwanza kushinda mechi nne ndiye anaendelea. Kuna raundi nne za namna hiyo. Kwa hivyo bingwa lazima ashinde mechi 16, na anaweza kulazimika kucheza hadi 28. Inachukua miezi miwili. Wachezaji wengi hawanyoi ndevu mpaka timu itolewe au ichukue kombe, desturi iliyoanza na New York Islanders mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Ukifuata mchujo wa aina hiyo kwa miezi miwili, maisha yako yanapangwa upya. Mechi za jioni za kule zinaanza huku saa nane, saa tisa za usiku. Unajua ni usiku gani utalala na ni usiku gani hutalala. Unaanza kuwa na miko yako: simu iwekwe mahali pale pale, chai iwe ya rangi ile ile kama siku waliposhinda.

Mwaka 2024 fainali ilikuwa kati ya Florida Panthers na Edmonton Oilers. Florida walishinda mechi tatu za kwanza, wakabakisha moja tu. Edmonton wakarudi wakashinda tatu mfululizo. Ikabaki mechi ya saba, ya kufa kupona. Kwa saa za kwao ilikuwa jioni ya tarehe 24 Juni. Kwa saa za kwetu ilianza saa tisa alfajiri ya tarehe 25 Juni 2024. Florida walishinda 2–1. Tuzo ya mchezaji bora wa mchujo mzima ikaenda kwa Connor McDavid wa Edmonton, yaani upande ulioshindwa, jambo ambalo hutokea kwa nadra sana.

Sasa angalia hiyo tarehe tena. Hakuna Mkenya wa rika langu anayehitaji kuambiwa tarehe 25 Juni 2024 ilikuwa siku gani. Kulipopambazuka watu walikuwa wanajiandaa kutoka barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na kufikia alasiri waandamanaji walikuwa ndani ya Bunge, na vijana walikuwa wameuawa. Hivi vitu viwili havina uhusiano wowote isipokuwa kwamba vimekaa katika siku moja kichwani mwangu, na siwezi kuvitenganisha. Shabiki anahifadhi mechi pamoja na maisha yaliyokuwa yanaendelea kando yake. Ukimuuliza matokeo atakwambia na nani alikuwa mgonjwa, mahindi yalikuwa yamefika wapi, na serikali ilikuwa inafanya nini wiki ile. Hiyo nayo ni historia, na aina hiyo ndiyo nataka kuizungumzia.

Turudi nyumbani basi.

Nikisema nyumbani, mkumbuke kwamba mwaka 1987 hapakuwa na kaunti ya Migori wala ya Homa Bay. Sote tulikuwa wilaya moja, South Nyanza, makao makuu yakiwa mji wa Homa Bay. Migori ilipata wilaya yake mwaka 1992. Umeme ulikuwa wa miji na misheni. Vijijini taa ilikuwa koroboi, na dunia iliingia nyumbani kupitia redio.

Na timu ilikuwa Gor Mahia. Watu wa Nairobi wanapenda kuiita timu ya Nairobi, kwa sababu ofisi na viwanja viko huko. Lakini jina lenyewe limetoka kwetu. Gor alikuwa mtu wa Kanyamwa, Ndhiwa ya leo, ndani ya Homa Bay. Alikuwa mtu wa maajabu, wa kuogopwa na kuheshimiwa, aliyeishi hadi enzi za Waingereza. Mahia ndiyo hayo maajabu yenyewe kwa Kijaluo. Klabu ilianzishwa mwaka 1968 na ikachukua ligi mwaka huo huo. Kwa hivyo mtu wa Ndhiwa aliyekuwa anasikiliza mechi kwenye redio, umbali wa mamia ya kilomita kutoka uwanjani, alikuwa anasikia jina la mzee wa kijiji chake likitangazwa nchi nzima. Niambie hapo nani yuko mbali na nani yuko karibu.

Jina hilo lilipitia mitihani pia. Serikali ya Moi ilipoamuru mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba vilabu viache majina yenye harufu ya kabila, Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union, na Gor ikaandikwa kwenye makaratasi kama Gulf Olympic Rangers, ili zile herufi tatu zibaki. Huku kwetu watu waliendelea kusema Gor, au K'Ogalo, kama kawaida. Zilikuwa nyakati ambazo mkusanyiko wa watu, hata wa kilio, ungeweza kutiliwa shaka. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Wajaluo wengi waliishi kwa kujichunga. Mpira ulikuwa moja ya nafasi chache ambapo watu wangeweza kukaa pamoja kwa saa mbili, wakapiga kelele kwa sauti kubwa, na hakuna aliyewauliza wanapiga kelele ya nini.

Halafu palikuwa na deni. Mwaka 1979 Gor ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika ikakutana na Canon Yaoundé ya Kamerun. Nairobi ikapigwa 2–0. Yaoundé ikapigwa 6–0. Jumla mabao manane bila jibu. Mashabiki wa sasa tunaolia kwa sababu ya penalti moja, hebu tubebe manane kwa miaka minane tuone.

Mwaka 1987 wakarudi kwenye kombe lile lile, ambalo sasa liliitwa Kombe la Mandela, wakati Mandela mwenyewe bado yuko gerezani. Waliingia kama washindi wa kombe la nchi la 1986. Kocha alikuwa Mwingereza, Len Julians. Nahodha alikuwa Austin Oduor, aliyeitwa Makamu. Golini David Ochieng. Nyuma Bobby Ogolla, ambaye walimbatiza jina la kipindi cha televisheni cha Kimarekani, Six Million Dollar Man. Abbas Magongo aliitwa Zamalek. Sammy Onyango aliitwa Jogoo. Na mbele palikuwa na Peter Dawo, aliyemaliza mashindano na mabao 10.

Yaangalie hayo majina ya utani. Sisi leo tunadhani ni mapambo. Mimi nadhani yalikuwa kifaa. Mtu anayesikiliza redio haoni jezi wala namba mgongoni. Anahitaji kitu cha kushika. Ukisikia Jogoo, unaona mtu anakimbia kwa namna fulani. Ukisikia Makamu, unaona mtu aliyesimama wima akielekeza wengine. Mtangazaji anatoa jina, msikilizaji anajaza mwili. Watu wa South Nyanza waliwajua wachezaji hawa kwa umbo, na umbo hilo walilitengeneza wenyewe.

Redio nayo ilikuwa moja tu. Sauti ya Kenya, ambayo ilikuja kuitwa KBC mwaka 1989, ndiyo iliyokuwa na mpira. Hapakuwa na stesheni nyingine ya kuhamia kama mtangazaji amekuudhi. Kizazi cha kina Leonard Mambo Mbotela ndicho kilichowafundisha Wakenya kuona kwa masikio. Na redio inakula mawe. Mawe ya Eveready yakiisha nguvu yanawekwa juani, au karibu na jiko, yapate joto yasukume dakika chache zaidi. Wazee wengi huku watakwambia kwamba wiki ya mechi kubwa redio haikuruhusiwa kucheza muziki. Mawe yalihifadhiwa kama mbegu.

Fainali ilikuwa dhidi ya Espérance ya Tunis. Mechi ya kwanza ilichezwa Tunis, Jumamosi tarehe 21 Novemba 1987, ikaisha 2–2. Ya pili ilipangwa Kasarani, uwanja mpya uliokuwa umejengwa kwa msaada wa China na kutumika Agosti mwaka huo kwa Michezo ya Afrika. Tarehe ilikuwa Jumamosi ya 5 Desemba.

Kati ya hizo Jumamosi mbili kuna siku 14. Kwangu mimi hizo siku 14 ndizo kiini cha hadithi yote, na hazimo katika simulizi yoyote ya kombe hilo niliyosoma. Simulizi zinaruka kutoka Tunis hadi Nairobi kama basi la usiku. Lakini shabiki hakuruka. Aliziishi zote, moja moja, akipiga hesabu.

Na hesabu haikuwa rahisi. Sheria ilikuwa kwamba mabao mkilingana jumla, bao la ugenini lina uzito zaidi. Gor ilikuwa na mabao mawili ya ugenini. Kwa hivyo Nairobi 0–0 ni kombe. 1–1 ni kombe. 2–2 bado hakuna mshindi. 3–3 ni kilio, hata kama hujafungwa. Mtu ambaye shule aliiacha darasa la nne alikuwa anatembea na meza hiyo kichwani akipalilia, akivua, akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi kwenda Rongo. Siku 14 za kujua kwamba sare inaweza kukupa taji au kukunyang'anya.

Hapa niwaletee shahidi mmoja. Dani, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa ameolewa Uriri wakati huo. Hajawahi kuingia uwanja wowote wa mpira maishani mwake. Na mechi ya Desemba 5 hakuisikia kwenye redio pia, kwa sababu redio ilikuwa chini ya mwembe pamoja na wanaume, na yeye alikuwa jikoni na wanawake wenzake. Anachokumbuka ni sauti za wasikilizaji. Anasema kulikuwa na mlipuko mmoja wa kelele, na kulikuwa na kimya kimoja, na kimya kilikuwa kizito kuliko kelele. Baadaye kukawa na muda mrefu ambao hakuna mtu aliyeomba maji wala moto wa sigara. Kisha ukaja mlipuko wa pili, na huo haukuisha.

Alipouliza matokeo akaambiwa ni moja kwa moja. Hakuelewa. Sare, na watu wanaruka namna hii? Babu akakaa chini jikoni, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akamweleza bao la ugenini kwa kutumia punje za mahindi. Mbili za Tunis upande huu, moja ya Nairobi upande ule. Dani hadi leo anaweza kukueleza sheria hiyo vizuri kuliko wachambuzi wengi wa mtandaoni, ingawa Ulaya yenyewe ilishaifuta mwaka 2021.

Huyo ni shabiki wa mbali wa ngapi? Uwanja uko Nairobi, redio iko chini ya mwembe, yeye yuko jikoni. Amepokea fainali ya Afrika kupitia koo za wanaume wa kijiji. Lakini anayo yote, kamili, na mpangilio wake, na uzito wake. Kuna watu waliokuwa Kasarani siku ile ambao hawawezi kuisimulia vile.

Jumla ilikuwa 3–3, Gor bingwa kwa bao la ugenini. Kwa Kenya, Uganda na Tanzania, hakuna klabu nyingine iliyochukua kombe la bara tangu hapo. SC Villa walifika fainali 1991, Simba 1993, Yanga 2023, Simba tena 2025. Wote walirudi mikono mitupu. Na kombe lenyewe halipo tena, kwa sababu mwaka 2004 mashindano hayo yaliunganishwa na mengine yakawa Kombe la Shirikisho. Kwa maana nyingine, walichokichukua Makamu na wenzake hakiwezi kuchukuliwa tena na mtu yeyote.

Sasa naomba mnivumilie nirudi kwenye barafu kidogo, kwa sababu hapa ndipo wale jamaa wametushinda.

Kombe la NHL linaitwa Stanley Cup. Lilitolewa mwaka 1892 na Lord Stanley, gavana mkuu wa Kanada, na likaanza kushindaniwa 1893. Halitengenezwi jipya kila mwaka. Ni lile lile, na kila timu inayolichukua, majina ya wachezaji yanachongwa kwenye chuma. Ukanda wa majina ukijaa, ule wa zamani zaidi unatolewa na kuhifadhiwa katika jumba lao la kumbukumbu kule Toronto, na ukanda mpya unawekwa. Halafu kila mchezaji anapewa siku moja ya kukaa na kombe. Wengi wanalipeleka kijijini kwao, shuleni kwao, kwa nyanya zao.

Nikifuata mchujo wao, kila kitu kimeandikwa. Nani alipiga, dakika gani, kutoka upande gani. Mechi ya zamani unaipata. Mtoto wa Edmonton ambaye hajazaliwa leo ataweza kujua hasa jinsi babu yake alivyovunjwa moyo alfajiri ile ya Juni 2024.

Kombe letu la 1987 halina majina yaliyochongwa. Waliolibeba wamezeeka, na wengine wametangulia. Na wale waliowabeba wao, yaani wasikilizaji wa Uriri, Ndhiwa, Oyugis, Karungu na Mbita, hawamo katika orodha yoyote. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka ule sasa anaelekea 70. Kila msimu wa mazishi tunafukia mechi hiyo pamoja na watu walioisikia. Kwenye wasifu wa marehemu inasomwa shule aliyosoma, kanisa aliloabudu, na watoto aliowaacha. Hakuna anayesoma mahali alipokuwa tarehe 5 Desemba 1987.

Wapo watakaonijibu kwamba hii habari ya kufuata vya mbali ndiyo inayoua vya karibu. Hoja hiyo ina uzito na sitaikwepa. Tunayo maiti yetu hapa hapa Migori. Sony Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, kiwanda ambacho jina lake lenyewe ni kifupi cha South Nyanza, ilichukua ligi kuu ya Kenya mwaka 2006. Bingwa wa nchi alitoka Awendo! Kwa mara moja, mtu wa Migori hakuhitaji redio. Angeweza kutembea hadi uwanjani, akaona jezi, akaona jasho. Miaka 13 baadaye, msimu wa 2019/20, timu ikashindwa kufika kwenye mechi tatu kwa sababu ya ukata, na sheria za ligi zikaitoa.

Je, Sony Sugar iliuawa na kijana anayetazama hoki usiku? Hapana. Mdhamini mkuu wa ligi aliondoka mwaka huo huo wa 2019, na kiwanda chenyewe kilikuwa kinapumua kwa shida, wakulima wakidai pesa zao za miwa. Ukaribu haukuiokoa timu. Na angalia jambo lingine: timu ya karibu ndiyo tuliyoisahau haraka zaidi. Vijana wa Awendo waliozaliwa mwaka wa ubingwa wana miaka ishirini hivi sasa. Waulize majina matano ya kikosi cha 2006. Dani, ambaye hakuwahi kuona mpira, atakutajia Makamu, Jogoo na Zamalek bila kupumzika. Kilichotofautisha ni masikio yaliyofanya kazi, vinywa vilivyosimulia, na miaka ya kurudia hadithi jioni baada ya jioni.

Na kwa wale wa barafu na Mkenya wapi na wapi, jueni pia kwamba Wakenya wanaicheza. Kuna kiwanja kidogo cha barafu katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 2005. Timu inaitwa Kenya Ice Lions. Kwa miaka walicheza wenyewe kwa wenyewe, kwa sababu hapakuwa na wapinzani karibu. Mwaka 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwapeleka Toronto wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wawili kati ya wakubwa kabisa wa mchezo huo. Mwaka 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la dunia la hoki ya barafu. Wale vijana walianza kwa kufuata kitu kilichokuwa mbali sana nao. Mbali ilisogea kwa sababu mtu aliifuata.

Kwa hivyo msimamo wangu ndio huu. Mimi sijasomea historia. Hata chuo nilikiachia njiani. Lakini sihitaji cheti kujua kwamba kuna historia inayokaa kwa watu ambao hawakuwepo. Kuwepo uwanjani kulihitaji nauli, siku ya mapumziko, na mara nyingi kulihitaji uwe mwanaume. Tukihesabu mashabiki kwa tikiti tu, tunawafuta maskini, tunawafuta wanawake, tunaifuta South Nyanza nzima. Kombe la 1987 lilichezwa na watu kumi na moja na kusubiriwa na malaki. Kusubiri nako kulikuwa kazi.

Nawapa kazi moja basi, na nitaifanya pamoja nanyi. Wikendi hii kaa na mtu mmoja wa nyumbani aliyekuwa mtu mzima mwaka 1987. Simu yako ina kinasa sauti, itumie, ila omba ruhusa kwanza. Usimuulize nani alifunga, hiyo tunayo. Muulize redio ilikuwa ya nani na iliwekwa wapi. Muulize nani aliruhusiwa kukaa karibu nayo na nani alisikilizia mbali. Muulize mawe yalinunuliwa kwa pesa ya nini. Muulize siku zile 14 kati ya Tunis na Nairobi watu walizungumza nini sokoni. Ukimaliza, andika jina lake, jina la kijiji, na tarehe mliyozungumza, na umuulize kama anakubali wengine wasikie.

Kama ni mama au dani, usiridhike akikwambia mpira ulikuwa wa wanaume. Mwache anyamaze kidogo, halafu muulize alisikia nini akiwa jikoni.